Waya Mmoja Kwenda Kisumu

Tuanze na neno lenyewe. Neno "simu" tunalolitamka mara mia kwa siku lina asili ya Kiajemi, "sim", na huko lina maana mbili: waya, na pia fedha, yaani yale madini meupe ya kutengenezea mapambo. Kabla ya watu wetu kujua simu ya kuongea, "kupeleka simu" kulimaanisha kupeleka telegramu. Kwa hiyo ndugu yangu wa Kondele anayenunua simu ya mkononi ananunua, ukifuata jina, waya usio na waya. Shikilia hizo maana mbili, waya na madini ya pambo, maana tutazihitaji tukifika Nandi.

Leo nataka kusimulia historia ya swali moja. Umeme unapita kwenye njia nyembamba ambayo ina mbele na nyuma tu, haina kushoto wala kulia. Njia hiyo ina kasoro hapa na pale, bila mpangilio wowote. Je, umeme utafika? Wahandisi wa reli walikuwa na jibu lao, wanafizikia wakaja na lao, na majibu hayo hayafanani hata kidogo. Usiogope, ndugu msomaji, hesabu zitakuwa chache na nyingi ni za kuzidisha na kugawa. Mimi mwenyewe si mwanafizikia. Ni mwandika programu ambaye amekaa Kisumu muda wa kutosha kujua uchungu wa kutegemea waya mmoja.

Waya wa kwanza wa maana katika pwani yetu ulipita baharini. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph iliunganisha Aden na Zanzibar, kisha ikaendelea kusini hadi Durban. Mombasa ikaunganishwa na Zanzibar mwaka 1890. Kutoka hapo mtu wa Mombasa aliweza kuongea na London kwa nukta na vistari, lakini akitaka kuongea na Ziwa alitumia miguu ya wapagazi, miezi kadhaa kwenda na kurudi.

Reli ya Uganda ndiyo iliyobadilisha mambo. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899, na tarehe 20 Desemba 1901 chuma cha mwisho kikagongwa kando ya Ghuba ya Winam, mahali walipopaita Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Jina hilo halikudumu. Wenyeji walikuwa na jina lao, na leo ni Kisumu. (Na kumbuka jambo ambalo vitabu vingi huliruka: wakati reli inafika, Kisumu ilikuwa sehemu ya Uganda. Mpaka ulisogezwa tarehe 1 Aprili 1902.) Pamoja na vyuma vya reli ulikwenda waya wa telegrafu juu ya nguzo, na mara nyingine waya ulitangulia reli. Urefu wa safari yote kutoka Mombasa ni maili zipatazo 580, yaani kilomita 930 na ushei.

Sasa itazame kazi hiyo kwa jicho la mtu wa kompyuta. Hapakuwa na njia ya pili. Hapakuwa na mzunguko kupitia Arusha wala seva ya akiba Kampala. Ilikuwa mstari mmoja tu, Mombasa, Voi, Nairobi, Nakuru, Molo, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, Kibos, Kisumu. Tuchukue namba za kubuni tu, ili tuone umbo la tatizo. Tuseme kila kilomita ina uwezekano wa 1 katika 1,000 kuwa imekatika siku fulani. Twiga kapita, mti umeanguka, nguzo imeliwa na mchwa. Uwezekano wa kilomita zote 930 kuwa nzima ni 0.999 ikizidishwa yenyewe mara 930, na jibu ni kama asilimia 39. Siku nyingi huna mawasiliano. Ongeza hatari iwe 1 katika 100 kwa kilomita, na utapata siku moja nzuri katika siku elfu 11 na zaidi, yaani mara moja kwa kila miaka 30 hivi. Kilomita ni zilezile, waya ni uleule, ila kasoro zimezidi mara kumi tu.

Wanahisabati wana jina rasmi la jambo hili. Mwaka 1957 Simon Broadbent na John Hammersley waliandika nadharia ya kupenya: maji kupita kwenye mawe yenye matundu, moto kuenea msituni, na kadhalika. Kwenye uwanja mpana unaweza kufunga njia nyingi sana na bado maji yakapenya, kwa sababu yanazunguka. Mtumbwi ukikuta kisiwa au magugumaji unapita kando. Kwenye mstari mmoja huna kando. Ni lazima kila kiungo kiwe kizima, asilimia 100, la sivyo hakuna kitu.

Hapo ndipo Wanandi wanapoingia, na hapo ndipo hesabu hii inaacha kuwa mchezo.

Ukisimama Chemelil au Kibos ukatazama kaskazini, unaona ukuta wa milima. Juu yake ni nchi ya Nandi. Waya na reli vilipita chini kwenye bonde la Nyando, pembezoni mwa nchi hiyo. Wanandi walikuwa wakipigana na Waingereza kabla reli haijafika kwao. Misafara ya kijeshi dhidi yao ilifanyika 1895, 1897, 1900, 1903 na ule mkubwa wa 1905 hadi 1906. Inasimuliwa pia kwamba orkoiyot Kimnyole alitabiri kuja kwa nyoka wa chuma atokaye kwenye maji ya mashariki kwenda kunywa maji ya magharibi. Kwa vyovyote, nyoka alipofika alikuja na uzi mrefu wa chuma unaong'aa, umening'inizwa hewani bila mlinzi. Wanandi wakauchukua. Waya ulifaa kwa mapambo ya shingo na mikono, na parafujo za reli zilifaa kwa mhunzi wa silaha. Charles Eliot, kamishna wa Uingereza wa wakati huo, alikiri kwenye kitabu chake cha 1905 kwamba kishawishi hicho kilieleweka vizuri tu. Sim ni waya, sim ni fedha. Mwajemi angeelewa mara moja.

Katika maandishi ya kikoloni jambo hili limeandikwa kama wizi na ukorofi, na mwanafunzi wa sekondari hulisoma hivyohivyo kwenye orodha ya "sababu za upinzani wa Wanandi". Mimi nalisoma kama tatizo la umbo. Kijiji kimoja kikichukua mita ishirini za waya, himaya nzima kutoka Mombasa hadi Entebbe inanyamaza. Serikali iliyo na mtandao wenye njia nyingi inaweza kuvumilia wezi wachache. Serikali iliyoning'inia kwenye uzi mmoja haiwezi kuvumilia hata mmoja, kwa hiyo adhabu inakuwa kubwa kuliko kosa, siku zote. Sisemi kwamba waya ndio uliosababisha vita. Kulikuwa na ardhi, ng'ombe, misafara iliyovamiwa, na suala la nani ni mwenye nchi. Lakini wizi wa waya ulikuwa kati ya sababu zilizotajwa za msafara wa 1900, na baada ya vita vya 1905 Waingereza waliwahamisha Wanandi waliokaa karibu na reli na kuwasukuma kaskazini. Hilo la mwisho linasema mengi. Walikuwa wanasafisha kandokando ya mstari.

Tarehe 19 Oktoba 1905 Richard Meinertzhagen alikutana na orkoiyot Koitalel arap Samoei kwa mazungumzo ya amani, akampiga risasi akamuua. Mabaraza ya uchunguzi yalimsafisha, ingawa baadaye aliondolewa nchini. Mamia ya Wanandi waliuawa katika vita vile na maelfu ya ng'ombe wao wakachukuliwa. Waya ukatulia.

Umeme wenyewe je, ulikuwa unasemaje? Hapa wahandisi walikuwa na jibu la Georg Ohm la mwaka 1827: ukinzani unajumlika. Kilomita moja ina omu kadhaa, kilomita mbili zina mara mbili yake, basi. Nilifanya hesabu kwa waya wa unene wa milimita 3, unene nilioubuni mwenyewe kwa ajili ya makadirio. Ukiwa wa shaba, kilomita 930 zinatoa omu 2,200 hivi. Ukiwa wa chuma, ambacho hukinza umeme karibu mara sita ya shaba, unapata kama omu 13,000. Tafadhali iandike pembeni hiyo 13,000. Nitairudia.

Kwa sababu ukinzani unajumlika kwa unyoofu namna hii, fundi wa telegrafu alikuwa na ujanja mzuri sana. Waya ukigusa ardhi mahali fulani, hahitaji kutembea kilomita 900 akitazama juu. Anapima omu kutoka stesheni, anagawa kwa omu za kilomita moja, anajua kasoro iko kilomita ya ngapi. Vipimo vya aina hiyo, kama kile cha Varley, vilikuwa vya kawaida duniani kote kabla karne ya 19 haijaisha. Waya wenyewe unakuambia unaumwa wapi.

Ila hata kwenye telegrafu jibu la Ohm lilianza kupwaya mapema. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Kelvin, alionyesha miaka ya 1850 kwamba kwenye waya wa chini ya bahari ucheleweshaji hukua kwa mraba wa urefu: waya mara mbili, ucheleweshaji mara nne. Wildman Whitehouse hakukubali, akausukumia waya wa Atlantiki wa 1858 volti karibu 2,000, na waya ukafa baada ya wiki chache. Kisha akaja Oliver Heaviside, karani wa telegrafu aliyeacha kazi akajifungia nyumbani kwao na kuandika milinganyo ambayo wahandisi wa mawasiliano wanaitumia hadi leo. Napenda sana habari za Heaviside. Ni babu wa sisi wote tunaojifunza usiku peke yetu. Kutokana na kazi yake ikaonekana kwamba ukipachika koili kwenye waya wa simu kwa umbali sawasawa, sauti inafika mbali zaidi. Neno muhimu ni "sawasawa". Kufikia miaka ya 1920 wahandisi wa kampuni ya Bell ya Marekani walikuwa wanahangaika na waya ambao koili zake hazikupangwa kwa umbali sawa: kila hitilafu ndogo inarudisha kipande cha wimbi nyuma, vipande hivyo vinakutana na kuvurugana, na simu inapiga mwangwi.

Naona ajabu kwamba ni kwenye maabara za Bell hizohizo, miongo mitatu baadaye, ndipo jibu jipya lilipozaliwa. George Feher alikuwa akichunguza atomu za fosforasi zilizotapakaa ovyo ndani ya silikoni. Alikuta elektroni zinakaa mahali pake muda mrefu kuliko nadharia ilivyoruhusu. Zilitakiwa zisambae, kama harufu ya samaki wa kukaanga inavyosambaa. Hazikusambaa. Mwenzake Philip Anderson akakaa na swali hilo, na mwaka 1958 akachapisha makala akidai kwamba vurugu ikizidi kiasi, elektroni haisambai kabisa. Si kwamba inakwenda polepole. Inanaswa, palepale. Watu wachache walimwamini wakati ule, na mwenyewe alikuja kulisema hilo alipopokea tuzo ya Nobel ya 1977, pamoja na Nevill Mott na John Van Vleck. Mwaka 1961 Mott na W. D. Twose wakaongeza kipande kinachotuhusu sisi wa mstari mmoja: kwenye njia ya mwelekeo mmoja huhitaji vurugu nyingi. Vurugu yoyote, hata kidogo kama chembe, inatosha kuzinasa elektroni zote, mradi waya uwe mrefu vya kutosha.

Tulia hapo, maana ni dai zito. Waya haujakatika. Hakuna Mnandi aliyeugusa. Kila kizuizi kinapitisha umeme. Bado umeme haufiki.

Nitaeleza kwa vizuizi viwili. Kila kizuizi kinapitisha nusu na kurudisha nusu. Ukiviweka viwili mfululizo, kiasi gani kinapita? Mtu wa haraka atasema robo, nusu ya nusu. Mtu makini atasema subiri kwanza. Kile kilichorudishwa na kizuizi cha pili kinarudi kugonga cha kwanza, nusu yake inarushwa mbele tena, inapata nafasi ya pili, halafu ya tatu. Kwa hiyo ni robo, jumlisha moja ya kumi na sita, jumlisha moja ya sitini na nne, na kuendelea. Jumla ni theluthi moja. Kwa vizuizi vitatu inapita robo, kwa kumi inapita 1/11, kwa thelathini 1/31. Unaona mtindo? Kila kizuizi kinaongeza moja chini ya mstari. Hiyo ndiyo kanuni ya Ohm, imezaliwa upya kutokana na mipira inayodunda kati ya kuta. Mtu makini ameshinda.

Lakini elektroni ni wimbi, na mawimbi yanapokutana hayajumliki kama mipira. Mara yanapeana nguvu, mara yanauana, kutegemea umbali kati ya vizuizi. Umbali ukiwa wa ovyo, kila sampuli ya waya ina bahati yake. Rolf Landauer wa IBM, katika makala zake za 1957 na 1970, alifundisha watu kuutazama ukinzani hivi, kama suala la kiasi gani kinapita na kiasi gani kinarudi. Ukichukua wastani wa logi ya kinachopita, kwa umbali wote unaowezekana, mwangwi wote unafutana kabisa, hesabu inatoka safi, na jibu la kawaida kwa vizuizi viwili ni robo. Robo! Mtu wa haraka alikuwa sahihi tangu mwanzo, ingawa kwa sababu asiyoijua. Vizuizi kumi vinapitisha 1/1,024. Ishirini, kama moja katika milioni. Thelathini, moja katika bilioni, pale ambapo Ohm alikuahidi 1/31. Tumerudi kwenye ile hesabu ya kilomita na mchwa, kuzidisha badala ya kujumlisha, ila safari hii bila waya kukatika popote.

Kwa wenye kompyuta karibu, jaribuni wenyewe. Chukua namba mbili, 1 na 1. Namba mpya ni ya sasa, toa iliyotangulia. Utapata 1, 1, 0, -1, -1, 0, 1, 1, na mzunguko unajirudia milele. Hilo ni wimbi kwenye waya safi. Sasa kabla ya kila hatua chagua namba ya bahati nasibu kati ya -0.5 na 0.5, uite v, na ufanye namba mpya iwe (1 - v) mara ya sasa, toa iliyotangulia. Hiyo ni atomu iliyo tofauti kidogo na jirani yake. Mistari saba ya programu, na lugha yoyote itafaa. Mwanzoni huoni tofauti. Kisha namba zinaanza kuvimba, na baada ya hatua 1,000 ukubwa wake uko kwenye milioni hivi, kila jaribio na bahati yake. Wimbi linalovimba ukitazama kutoka upande huu ni wimbi linalofifia ukitazama kutoka upande ule, na kinachovuka ni moja chini ya mraba wa namba hiyo, yaani kama moja katika trilioni. Urefu wa kunaswa hapa ni hatua 72 hivi. Ukipunguza vurugu mara kumi urefu huo unakua mara mia, hatua 7,200, lakini haufiki ukomo wa milele. Hillel Furstenberg alithibitisha mwaka 1963, kwa hisabati tupu isiyojali elektroni, kwamba mizidisho ya ovyo ya aina hii lazima ivimbe. Nimejaribu vurugu ndogo kabisa ambayo uvumilivu wangu unaruhusu. Inavimba.

Basi kwa nini telegramu zilifika Kisumu?

Jibu liko kwa David Thouless, makala yake ya mwaka 1977 kuhusu nyaya nyembamba. Waya wa milimita 3 si mstari mmoja. Kwa wimbi la elektroni, ambalo urefu wake hauzidi nusu nanomita, waya ule ni barabara yenye njia sambamba zipatazo trilioni mia moja. Kadiri njia zinavyoongezeka ndivyo urefu wa kunaswa unavyorefuka. Thouless aliona kwamba unaweza kuusahau unene na aina ya chuma, ukatazama omu tu: waya wowote, mnene au mwembamba, unanaswa ukifika urefu ambao ukinzani wake ni kama omu elfu kumi na kitu. Namba hiyo inatokana na maumbile yenyewe, haijali nani aliutengeneza waya. Kiasi cha msingi ni omu 25,813, na nusu yake ni omu 12,906.

Kumbuka ile 13,000 niliyokwambia uiandike pembeni. Waya wa chuma wa milimita 3 kutoka Mombasa hadi Kisumu, kwa makadirio, unafika kwenye mpaka huo karibu kabisa na gati la ziwani. Wa shaba ungehitaji kurudia safari hiyo kama mara sita. Nilipoiona hesabu hiyo niliifanya tena mara tatu, kisha nikatoka nje kupunga hewa. Sidai kwamba ina maana yoyote ya siri, ni bahati ya namba. Ila inanifurahisha kwamba mpaka wa dunia ya kwantamu ukiuandika kwa waya wa reli unaangukia Kisumu.

Kuna sharti ambalo waya wetu haulitimizi. Ili elektroni inaswe lazima wimbi lake likumbuke safari yote, kizuizi kwa kizuizi, ili mwangwi ukutane na mwangwi. Kwenye joto la Kisumu atomu za chuma zinatetemeka, na kila mtetemeko unaifutia elektroni kumbukumbu kabla haijavuka hata mikromita moja. Kilomita 930 zinakatwa kuwa vipande vidogo sana ambavyo havikumbukani, na vipande visivyokumbukana vinajumlika kama Ohm alivyosema. Kwa maneno mengine ni joto na kelele ndizo zinazousaidia umeme kufika. Ukiupoza waya wa namna ile karibu na sifuri kamili na kuulinda usitikiswe, ungekaribia kuwa kihami, mradi uwe mrefu vya kutosha. Tangu utotoni tunafundishwa kwamba chuma kikipoa kinapitisha umeme vizuri zaidi, na kweli ni hivyo, mpaka mahali fulani.

Mambo mengine nitayapita haraka. Mwaka 1979 Anderson na wenzake watatu, Abrahams, Licciardello na Ramakrishnan, walionyesha kwamba hata kwenye utando mwembamba wa mielekeo miwili kunasa kunashinda mwishowe, ingawa polepole sana, na kwamba ni kwenye mielekeo mitatu tu ndipo chuma halisi kinawezekana. Mwaka 1988 Wafaransa walijaribu kwa maji ya kawaida: mfereji mrefu wenye sakafu ya mabonde ya ovyo, mawimbi yakaingia upande mmoja, yakanaswa. Na mwaka 2008 makundi mawili, moja Palaiseau karibu na Paris na lingine Florence huko Italia, yalitengeneza mstari mmoja kwa mwanga wa leza, yakaweka ndani yake atomu baridi kupita kiasi, yakaona kwa kamera wingu la atomu likiacha kusambaa. Miaka hamsini baada ya makala ya Anderson. Na ndiyo, nimeona kwamba ni Florence tena.

Turudi nyumbani. Waya wa shaba Kenya uliendelea kuwa fedha. Miaka ya 2000 nyaya za simu za mezani ziliibwa kiasi kwamba wateja wengi wakahamishiwa simu zisizo na waya, na Januari 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kuingia gizani. Kufikia wakati huo data zilikuwa zimehamia kwenye kioo. Nyaya za chini ya bahari zilitua Mombasa kuanzia 2009, na nyuzi za kioo zikachimbiwa kuja bara. Nakumbuka vizuri siku ambazo Kisumu ilitegemea uzi mmoja, tingatinga la kandarasi ya barabara linaukata, na ofisi yetu nzima inacheza karata hadi jioni. Kampuni zilijifunza pole pole kutengeneza duara: ukikatwa upande huu, data zinazunguka upande ule. Duara lina gharama, lakini linabadilisha hesabu ya kuzidisha kabisa, maana sasa lazima pande zote mbili zikatike kwa pamoja.

Kioo nacho kina vurugu yake. Kilipopoa kiwandani molekuli zake ziliganda ovyo, na kila mita inatawanya mwanga kidogo, mwingine ukitoka pembeni na chembe ndogo ikirudi ulikotoka. Fundi anayetafuta uzi ulikokatika hutumia hiyo chembe. Anatuma mlipuko mfupi wa mwanga kutoka Kisumu na kusikiliza mwangwi: mikrosekunde 10 kwa kila kilomita, kwenda na kurudi. Vurugu ya kioo inamjibu mfululizo, mita kwa mita, kisha ghafla kimya. Kimya kikianza baada ya mikrosekunde 250, anapakia koleo na mashine ya kuungia kwenye gari na kuelekea Ahero.